Kampuni Ilipokuwa Leta: Katanga na Ndoto ya Mji Wenye Mwenyewe



Wiki mbili zilizopita, kisha mkutano wetu, tulibaki watu sita barazani tukingoja mvua ipite. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na bomba la uani lilikuwa linatoa hewa tu. Ndugu yetu mmoja aliyesoma uchumi akasema: "Mimi nimechoka na Leta. Kila mji upewe kampuni moja, uwe na mwenyewe. Unalipa, unapata maji na umeme. Hauridhiki, unahama. Mutaona kama umeme utakatika tena!" Tulicheka. Kicheko kilipoisha, hakuna aliyekuwa na jibu. Hata mimi sikuwa nalo.

Nimekaa na hilo neno siku hizi zote. Mimi ni mtu wa kilimo, si mwanahistoria. Lakini sisi wa kilimo tunafundishwa kwamba kabla ya kupokea mbegu mpya uulize kwanza: ilipandwa wapi, na ilizaa nini? Basi nikauliza. Kumbe mbegu hii ya mji wenye mwenyewe ilipandwa hapa hapa kwetu, Katanga, na wazee wetu walikula mavuno yake, matamu na machungu.

Wazo lenyewe

Kwanza tusilidharau. Ndugu yetu hakulitoa kichwani tu. Huko Marekani, mhandisi na mwanasheria mmoja, Spencer Heath, alitoa mwaka 1957 kitabu kinachoitwa Citadel, Market and Altar. Mjukuu wake, Spencer Heath MacCallum, akaliendeleza wazo hilo mwaka 1970 katika The Art of Community. Mfano wao mkubwa ni hoteli.

Angalia hoteli kubwa, wanasema. Ina njia zake, ndizo korido na lifti. Ina maji, umeme, walinzi, wafagiaji, hata maduka. Mamia ya watu wanalala humo. Hawamchagui meya wa hoteli, hakuna chama cha siasa, na bado mambo yanaenda. Kwa nini? Kwa sababu ardhi yote na jengo lote vina mwenyewe mmoja, naye anaishi kwa kodi ya vyumba. Wageni wakikasirika wanaondoka, vyumba vinabaki vitupu, yeye anapoteza. Basi fanyeni mji uwe hivyo hivyo: ardhi isiuzwe vipande vipande, ipangishwe, na mwenye ardhi atoe huduma zote ambazo leo tunaziomba kwa serikali.

Wazo lina akili, tukubali. Ila shikeni neno moja: mwenye hoteli anaishi kwa kodi ya wageni. Tutalirudia mbele.

Kampuni yenye polisi

Mwaka 1891, kule Ubelgiji, iliundwa Compagnie du Katanga. Ndiyo iliyogharimia safari ya kapiteni William Stairs, iliyofika Bunkeya mwaka huo huo ikibeba bendera ya mfalme Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891, mwami Msiri alipigwa risasi na mmoja wa maofisa wa safari hiyo. Katika mfano wa hoteli hatuambiwi kamwe mwenye hoteli alipata kiwanja namna gani. Hapa kwetu tunajua.

Kisha, tarehe 19 Juni 1900, Dola Huru ya Kongo na ile kampuni waliunganisha ardhi zao na kuunda Comité Spécial du Katanga, CSK. Mapato waligawana hivi: sehemu mbili kwa tatu kwa dola, sehemu moja kwa kampuni. Miaka kumi CSK ndiyo iliyotawala Katanga. Iliweka vituo, ikagawa ardhi, ikatoa haki za kuchimba, na ilikuwa na polisi wake yenyewe. Yaani mukulima wa Kasenga au wa Bukama, kama alitaka kujua nani anatawala, jibu lilikuwa komite ya wenye hisa iliyokuwa na makao Brussels.

Mwaka 1910 Ubelgiji ilichukua kazi ya utawala mikononi mwa CSK. Lakini ardhi na haki za madini CSK haikuziacha. Ilibaki bwana wa ardhi ya Katanga kwa miaka hamsini mingine, na ilikuwa na kura nyingi ndani ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyozaliwa mwaka 1906. Halafu tarehe 27 Juni 1960, siku tatu tu kabla ya uhuru, CSK ikavunjwa kwa karatasi. Hisa zikagawanywa, na Kongo mpya ikakosa ile nguvu ya kura ambayo ingeirithi. Wakaaji wa Katanga hawakuulizwa wakati inaundwa, hawakuulizwa wakati inavunjwa. Mali ya mtu haiombi ruhusa ya wapangaji.

Posho, shule na lopitali

Sasa tuje kwa Union Minière yenyewe, maana hapo ndipo ndugu yetu mwanauchumi ana haki zaidi.

Shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Miaka ya mwanzo kampi zilikuwa mahali pa kifo. Vijana waliletwa kutoka mbali, wakiwemo wengi wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na baadaye wa Lomami, Kasai, Rwanda na Burundi. Walikuja bila wanawake, kwa mikataba ya miezi, wakalala wamebanana, magonjwa yakawamaliza. Wengi walitoroka. Kampuni ilipiga hesabu ikaona kwamba mutu anayekufa au kutoroka ni hasara: umelipa kumleta, umelipa kumfundisha, halafu unaanza upya.

Kwa hiyo, kuanzia karibu mwaka 1928, siasa ikabadilika. Mikataba ikawa ya miaka mitatu. Mfanyakazi akaambiwa aje na bibi yake, na asiye na bibi akasaidiwa kuoa. Zikajengwa nyumba za matofali, maternite, lopitali, shule chini ya mapadri Wabenedikto, viwanja vya mpira. Kila juma familia ilipokea posho: unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, nyama au samaki. Posho haikuwa ya mwanaume peke yake. Bibi na watoto walikuwa na kipimo chao. Kwa mtu wa kilimo na lishe, ile ni kazi ya kuheshimu. Watoto walizaliwa na wakaishi.

Wazee wa sité za kampuni hadi leo wanasema kampuni ilikuwa baba na ilikuwa mama. Musiwacheke. Linganisheni na kijiji cha wakati ule, ambako Leta ya kikoloni ilifika kwa kodi, kwa fimbo na kwa pamba ya lazima. Mji wa kampuni ulikuwa bora kuliko utawala wa serikali ile. Hilo ni kweli, na asiyelisema anaficha nusu ya historia.

Lakini baba ana sheria zake. Mkuu wa kampi alijua nani amelala katika nyumba gani. Mgeni, hata awe mjomba wako kutoka kijijini, hakukaa bila kujulikana. Aliyekosa kazi alikatwa posho, kwa hiyo sahani ya mtoto ilikuwa pia fimbo ya kumpigia baba yake. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza siasa hiyo ya wafanyakazi kwa miaka mingi, aliandika waziwazi mwaka 1946 kwamba Mwafrika aangaliwe kama mtoto anayelelewa. Na ukiwa mtoto unalishwa vizuri, ila hauulizwi.

Wakati wa shida ya uchumi ya dunia, miaka ya 1930, bei ya shaba ilianguka. Kampuni ilifanya nini na wakaaji wa miji yake? Iliwarudisha vijijini, wengi sana. Fikirini meya akiwaambia watu wa komine yake: mwaka huu mapato ni madogo, nusu yenu muhame. Meya hawezi. Mwenye mali anaweza, na anafanya kwa haki yake yote, maana nyumba ni yake.

Tarehe 9 Desemba 1941

Vita vya pili vya dunia vilipofika, shaba ilitakiwa sana na kazi ikaongezeka. Bei za vitu sokoni zikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi waligoma. Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Waliomba nyongeza ya mshahara. Mmoja wa wasemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi.

Hapo ndipo mfano wa hoteli unaishiwa na maneno. Mgeni asiyeridhika anafunga sanduku lake anaenda. Mfanyakazi wa Union Minière angeenda wapi? Nyumba ni ya kampuni, shule ya mtoto ni ya kampuni, dawa ya bibi ni ya kampuni. Akiacha kazi, anaacha vyote siku moja. Kuhama ni haki kwenye karatasi tu. Kwa hiyo watu wale hawakuhama, walisema. Na mji ule haukuwa na mahali pa kusemea: hapakuwa na baraza, hapakuwa na kura, hapakuwa na sendika ya weusi.

Gavana wa Katanga, Amour Maron, alifika uwanjani mwenyewe pamoja na askari. Watu walikataa kuondoka. Askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi alikufa, na wengine pamoja naye. Hesabu ya wakubwa inataja makumi ya waliokufa. Kumbukumbu ya wafanyakazi inataja wengi zaidi.

Angalieni vizuri nani alipiga. Si walinzi wa kampuni, ni jeshi la koloni. Kwa hiyo kampuni ile haikuchukua nafasi ya serikali hata siku moja. Ilichukua kazi zile zinazoleta shukrani, yaani posho, shule, maternite. Bunduki iliiachia Leta, na siku ya ugomvi ilijua pa kuitafuta. Ndugu yangu anayetaka mji bila siasa, nakuuliza kwa upole: siku wapangaji watakapokataa kuondoka uwanjani, utamwita nani?

Baba anapoondoka

Mwaka 1960, Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, Union Minière ililipa kodi zake kwa serikali ya Katanga na si kwa Léopoldville. Kampuni ilichagua serikali ya kuilipa. Wakaaji wa kampi hawakupewa chaguo hilo.

Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu akaitaifisha, na baadaye ikaitwa Gécamines. Najua ndugu yetu atasema: "Unaona? Leta ilipoingia, kila kitu kikaharibika!" Ana haki, kwa sehemu. Utawala ule uliikamua kampuni kama ng'ombe asiyepewa majani. Mwaka 1986 ilitoa bado tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukaporomoka, kisha yakaja maporomoko ya nchi nzima, na mwaka 1994 zilitoka tani karibu 30,000 tu. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka "kwa hiari", kwa pesa za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka.

Lakini hebu tuangalie kilichoanguka siku ile. Kampuni yoyote inaweza kuanguka; migodi inaisha, bei zinashuka, hata pasipo Mobutu. Hapa ilianguka shaba, na pamoja nayo zikaanguka lopitali, shule, posho, maji na heshima ya baba nyumbani. Vyote vilikuwa vimefungwa kwenye kamba moja. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizo mwaka 2001, na jina lake tu linatosha: Bana Shaba abandonnés par leur père. Watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Mama ambao hawakuwahi kushika jembe walianza kutafuta shamba nje ya mji ili bukari ipatikane. Vijana wakaenda kuchimba kwa mikono. Baba ambaye jina lake lilikuwa ni kazi yake akabaki amekaa mlangoni.

Wale watu waliishi miaka sitini katika mji uliopangwa vizuri, lakini hawakuwahi kuuendesha. Siku mwenyewe alipoishiwa nguvu, hawakuwa na hata komite ya bomba.

Niliyoyaona mwenyewe

Na musifikiri haya ni ya wazee tu. Baada ya lisanse yangu nilifanya kazi msimu miwili katika shamba kubwa la kampuni moja, jina ninaliacha. Kulikuwa na kampi ya wafanyakazi, familia karibu arobaini. Kisima kirefu, pampu ya umeme, jenereta ya kampuni. Maji safi, bila foleni. Majirani wa kijiji walituonea wivu.

Msimu wa pili mahindi yaliharibika na hesabu zikawa mbaya. Kampuni ikafunga upande ule, ikapakia jenereta kwenye kamyo. Pampu ikabaki chini ya ardhi, imekufa. Juma la pili mama wakaanza kuchota mtoni, juma la nne watoto wakaanza kuharisha. Nilisindikizana na wazee wawili kwenda kwa mkubwa wa serikali wa pale. Alitusikiliza vizuri, kisha akasema: "Ile ni konsesio, ni ardhi ya mtu. Mimi sina mkono huko." Tukapigia kampuni simu, simu ikalia mpaka ikakatika. Ndipo nilielewa kwamba watu wale hawakuwa raia wa mahali popote. Kwa Leta walikuwa watu wa kampuni, na kwa kampuni walikuwa mkataba ulioisha.

Unajua nani alitusaidia? Kile kijiji cha jirani, kile kilichokuwa kinatuonea wivu. Walikuwa na kisima kifupi cha pampu ya mkono, na komite ya watu watano. Mama mmoja alishika ufunguo na kadaftari, kila nyumba inatoa franka 500 kwa mwezi, na pesa ikinunua vipuri anaandika. Walikaa kikao, wakagombana kidogo, wakakubali watu wa kampi wachote asubuhi na jioni kwa mchango ule ule. Maji yalikuwa kidogo kuliko yetu ya zamani. Lakini yalikuwako.

Jibu langu kwa ndugu mwanauchumi

Sasa narudi kwa lile neno la hoteli. Wafuasi wa Heath wangeweza kuniambia: Union Minière haikuwa hoteli. Na mimi nakubali, ndilo jambo lenyewe. Mwenye hoteli anaishi kwa kodi ya wageni, ndiyo maana anawabembeleza. Union Minière iliishi kwa shaba. Kwake mkaaji hakuwa mteja, alikuwa gharama: gharama inayotunzwa vizuri wakati inahitajika, inayopunguzwa wakati haihitajiki. Na katika nchi yetu, mwenye mtaji wa kutosha kununua mji mzima anakuja kwa sababu gani? Anakuja kwa kilicho chini ya mji. Atujengee hoteli siku ile ardhi yetu itakapokuwa haina kitu. Siku hiyo nadhani hatamuona mtu.

Sisemi basi turudi kuinamia Leta na kungoja. Bomba linalotoa hewa bado linatoa hewa, na hasira ya ndugu yetu ni hasira yangu. Sisemi pia tufukuze makampuni; wengi wetu tunatafuta kazi huko, mimi wa kwanza. Ninasema tuulize swali lingine kabla ya "ya Leta au ya binafsi". Tuulize: ufunguo uko kwa nani, na daftari anaisoma nani?

Hili si la maneno tu. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inadai kila kampuni ya uchimbaji itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na iandike nao cahier des charges. Wengi wetu humu chamani, wanasheria, wauguzi, wahandisi, wa kilimo, tutaitwa kuandika karatasi hizo, kwa upande wa kampuni au wa kijiji. Tukiandika tu "kampuni itajenga shule na kisima", tumerudi 1928. Tuandike pia: kisima ni cha nani siku kampuni inaondoka? Nani amefundishwa kukitengeneza? Mwalimu analipwa na nani baada ya mugodi? Nyumba ina karatasi ya nani?

Wazee wetu wa sité walilishwa vizuri, halafu wakaachwa. Ile kadaftari ya mama wa kijijini haikuwa na muhuri wa Leta wala wa kampuni, lakini kila mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuifungua na kuuliza.

Ndugu mwanauchumi, nafasi ni yako sasa, nijibu. Na nyote mliokulia katika sité za kampuni, ulizeni baba na mama zenu kisha mtuletee wanayokumbuka, hata yale yanayonipinga.